Baba Mkwe Niliyemtibu Bila Kumtazama

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa tabibu katika kituo cha afya cha mwambao wa Kyela. Kosa ninaloliandika hapa wanalijua watu wachache tu: mume wangu, wifi zangu, ndugu wa ukoo, na mama mmoja mjane ambaye ndiye aliyelilipia. Nilimwandikia baba mkwe wangu dawa ya usingizi kwa muda mrefu bila kumpima, bila kumhoji, bila hata kumtazama usoni. Dawa ile ilimdhuru. Ilipomdhuru nilinyamaza, na lawama ikamwangukia mtu asiyehusika.

Nitaanza na desturi, kwa sababu ndiyo niliyojifichia. Kwetu Unyakyusa mkamwana hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja njiani huacha njia na kuingia migombani mpaka mzee apite. Mama zetu walikwepa hata maneno ya kila siku yanayofanana na jina la mkwe. Monica Wilson, aliyeishi huku miaka ya 1930, aliiandika desturi hiyo kwa kirefu. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, hasa za waliokaa mijini. Nyumba niliyoolewa mimi haikulegeza, nami sikuomba ilegezwe. Naiheshimu desturi hiyo mpaka leo. Lakini haikunikataza kumwomba tabibu mwenzangu aende akampime mzee. Wenzangu walikuwepo, pikipiki zilikuwepo, na nyumbani si mbali na kituo. Sikufanya hivyo kwa sababu pale nyumbani mimi ndiye niliyeitwa "daktari wetu", na nilitaka niendelee kuitwa hivyo.

Baba mkwe alikuwa mkulima wa mpunga na kakao, na watu walimjua kwa kumbukumbu yake. Kyela mvua za masika zikizidi, mito inafurika na mashamba ya mpunga yanakuwa ziwa moja. Maji yakishuka, mipaka haionekani. Yeye ndiye aliyeitwa. Angesimama kwenye tope, aulize mbuyu uko wapi, mfereji wa zamani ulipita wapi, kisha aonyeshe kwa fimbo: hapa wewe, hapa mwenzako. Watu walikubali.

Kisha akaanza kupotea. Alipotea mara ya kwanza akitoka mnadani Ipinda, njia aliyoipita tangu utoto. Alianza kuuliza habari za kaka yake aliyekwisha kufa. Mwaka mmoja mafuriko yalipopungua alimwonyesha mjane jirani yetu mpaka uliomega shamba la yule mama, vijana wa nyumba yetu wakashikilia neno la mzee. Ukazuka ugomvi. Usiku naye hakulala: alifungua mlango akitaka kwenda bandari ya Itungi kuwahi meli ya Mbamba Bay, akiwa na shuka tu begani.

Wifi yangu mkubwa ndiye aliyekuja kituoni. "Wifi, baba halali, nasi hatulali. Tupe dawa." Nilimwuliza maswali mawili matatu huku foleni ikinisubiri. Akanieleza mengine ambayo sikumwuliza. Alisema mara nyingine baba ananyamaza katikati ya neno, anakodoa macho ukutani, anatafuna na mdomoni hamna kitu, vidole vya mkono wa kulia vinachezea pindo la shuka, vinalikunja na kulikunjua. "Ukimwita haitiki. Halafu anashtuka, anatuuliza: mmefika saa ngapi? Na sisi tumekaa naye tangu asubuhi."

Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa na mgonjwa. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa utabibu angeyatambua: ni kifafa kisichoangusha mtu, kile kinachomfanya azubae na mwili ufanye vitu vyake bila mwenyewe kujua. Wifi hakusoma utabibu, lakini alinipa maelezo kamili kuliko yanayopatikana katika mafaili mengi. Mimi niliandika: usahaulifu wa uzee, kukosa usingizi. Nikampa amitriptilini ya miligramu 25, kidonge kimoja usiku.

Kwa nini niliichagua? Kwa sababu haikosekani kabatini, ni ya bei nafuu, na mgonjwa akiimeza analala. Tunawapa wenye maumivu ya mishipa, wenye sonona, wenye kipandauso. Kwa wengi inafaa. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa Alzheimer, kama alivyokuwa baba, ni dawa ya kuogopa, na hilo halikuwa siri: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu magonjwa ya akili na ubongo katika vituo vidogo kama chetu, uliotoka mwaka 2010, unawatahadharisha watoa huduma juu ya kuwapa wagonjwa wa namna hii dawa zinazozuia asetilikolini, kemikali ya ubongo inayobeba kumbukumbu, na amitriptilini ni mojawapo. Nilihudhuria semina yake. Kitabu kilikuwa kwenye rafu nyuma yangu.

Mzee alilala siku chache, kisha akarudia kutembea usiku. Nikapandisha hadi miligramu 50. Wifi akarudi kusema mdomo wa baba umekauka, chakula hakishuki, choo kigumu, mkojo unatoka kwa shida. Hayo yote ni madhara ya dawa ile ile, nayo yako kwenye ukurasa mmoja wa kitabu. Nikaongeza dawa ya kulainisha choo. Akaja tena: sasa baba anaongea na watu wasioonekana, na kule kuzubaa kumezidi. Nikasema ugonjwa umekua. Nikapandisha hadi 75.

Kichwani mwangu Alzheimer ilikuwa taa inayoishiwa mafuta. Seli zinakufa, ubongo unasinyaa, mwanga unafifia; basi kazi yangu ni kumtuliza mzee mpaka uzime. Kwamba ubongo huo huo unaopungua unaweza pia kuwa umechachamaa na kupitiliza, mwepesi wa kushtuka kuliko ubongo mzima, hilo sikulifikiria kabisa.

Alianguka asubuhi, uani, kwenye kichanja cha kakao. Nilikuwa nyumbani siku ile. Nilisikia kelele za wanawake, kisha kimya. Nilipotoka mlangoni niliwaona wote wamesimama mbali, na mzee chini, mwili wote unatupwa, povu linamtoka na damu ya ulimi. Hakuna aliyemgusa. Huku kwetu, kama sehemu nyingi za nchi, watu wanaamini kifafa kinaambukiza kwa povu na mate, na hata mwanawe mwenyewe alikuwa ameshika nguzo ya kibanda akitetemeka. Wakanitazama mimi. Nilikwenda. Nilimgeuza kwa ubavu, nikamwekea kanga yangu chini ya kichwa, nikamshikilia bega mpaka mtikisiko ukaisha. Punje za kakao zilikuwa zimemgandia shavuni, nikazibandua moja moja. Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake kwa karibu: macho ya mume wangu kabisa, na kovu juu ya nyusi ambalo sikuwahi kujua kama analo. Miaka yote ile nilikuwa nampikia na kumwandikia dawa.

Tulimpeleka Mbeya. Njia yote ya kupanda kwenda Tukuyu nilikuwa nikijipangia majibu: ni tegu, maana watu wa nyanda zetu wanakula nguruwe na mabuu ya tegu yakiingia ubongoni yanaleta kifafa; au ni usubi, maana mito inayoshuka kutoka Rungwe kuja Kyela ina vile vijinzi, na usubi nao umehusishwa na kifafa, Mahenge hasa. Yalikuwa mawazo halali ya kitabibu. Lakini niliyapanga kwa sababu nilikuwa sitaki kutaja dawa.

Daktari bingwa aliyempokea alitaka kuona vidonge vyote anavyomeza. Akavimwaga mezani. Akauliza nani ameandika hiki. Nikasema mimi. Hakunigombeza. Alikisukuma kando kwa ncha ya kalamu, akasema tutakipunguza kidogo kidogo mpaka tukiache. Kisha akamwuliza wifi jinsi baba anavyozubaa, na wifi akasimulia yale yale, kutafuna na pindo la shuka, mimi nimesimama pembeni. Alipomaliza, daktari akasema: "Kilichoanza ni hicho. Hivi vidonge vimekiongezea nguvu."

Hakusema mimi ndiye niliyeleta ugonjwa, nami sitaki kujitwisha zaidi ya kilicho changu. Alzheimer ilikuwepo kabla yangu, na vile vipindi vya kuzubaa vilianza kabla ya kidonge cha kwanza. Changu ni kwamba niliambiwa nisisikie, na kwamba nilichukua ubongo uliokwisha kukosa kizuizi nikauondolea kile kidogo kilichobaki.

Hilo la kizuizi nililielewa vizuri baadaye, nilipoanza kusoma. Kuna kipimo ambacho sijawahi kukiona kwa macho, lakini nimekisoma mpaka naweza kukieleza. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake kule Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba koili ya sumaku ikiwekwa juu ya kichwa inaweza kuamsha ubongo kupitia fuvu bila kupasua na bila maumivu. Mpimaji anaielekeza sehemu inayoendesha mkono. Msuli wa kidole unashtuka, na vibandiko vilivyobandikwa mkononi vinasoma umeme wake. Nguvu ya sumaku inapunguzwa polepole mpaka ipatikane ile ndogo kabisa ambayo bado inatoa walau maikrovolti 50 katika majaribio 5 kati ya 10. Hicho ndicho kizingiti cha ubongo wa mtu huyo. Tafiti nyingi zimekuta kwamba kwa watu wenye Alzheimer kizingiti kiko chini kuliko kwa wazee wenzao wasio na ugonjwa. Mkono unashtuka kwa nguvu ndogo zaidi. Ubongo unaopoteza seli unawaka upesi kuliko usiopoteza.

Kipimo cha pili ndicho kilichonikosesha usingizi. Kabla ya sumaku, mtu anapewa kishtuo chepesi cha umeme kwenye kifundo cha mkono. Takriban milisekunde 20 baadaye sumaku inafuata. Kwa mtu mzima wa afya, taarifa ile ya kifundo inapofika ubongoni inauzuia kwa kitambo kidogo, na kidole kinashtuka kwa udhaifu. Kwa wengi wenye Alzheimer kizuizi hicho ni hafifu. Kinategemea asetilikolini, kemikali ile ile inayobeba kumbukumbu na ambayo ugonjwa huu unaimaliza. Ili kuthibitisha, mwaka 2000 Vincenzo Di Lazzaro na wenzake wa Roma waliwapa watu wenye afya skopolamini, dawa inayoziba njia za asetilikolini. Kizuizi kikapungua. Kisha wakaonyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer, dawa ya kuongeza asetilikolini inakirudisha.

Niliposoma habari ya skopolamini niliweka simu chini. Amitriptilini inaziba njia zile zile. Walichokifanya Roma kwa dozi iliyopimwa, kwa watu waliokubali, chini ya macho ya wataalamu, mimi nilikifanya kila usiku kwa mzee asiyeweza kusema anajisikiaje, na nikapandisha dozi mara mbili. Zaidi ya hapo dawa hiyo yenyewe inarahisisha kifafa, hasa dozi ikipanda.

Na kuna jambo jingine ambalo nawaomba watabibu wenzangu walipe uzito. Mwaka 2016 Keith Vossel na wenzake wa California walichapisha matokeo ya kuwapima watu wenye Alzheimer ambao hawakuwa na historia ya kifafa, wakirekodi mawimbi ya umeme wa ubongo usiku kucha. Asilimia 42.4 walikuwa na milipuko ya kifafa isiyoonekana kwa nje, dhidi ya asilimia 10.5 ya wazee waliolinganishwa nao, na mingi ilitokea usingizini. Wenye milipuko hiyo walididimia haraka zaidi. Sisi huku tunapoitwa kwa sababu mzee anahangaika usiku, tunafungua kabati.

Kyela hatuna sumaku ya kupima kizingiti wala mashine ya kusoma mawimbi. Hilo haliniondolei kosa. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa miaka 70 na zaidi kijiji kwa kijiji, wakakuta wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ni asilimia 6.4, kisha likatengenezwa jaribio fupi kwa ajili ya mazingira yetu, hata la mtu asiyejua kusoma: kukumbuka maneno, kutaja wanyama, kutaja kiongozi wa kijiji, kupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Jaribio hilo na dakika chache za kumsikiliza wifi vingetosha kumpeleka mzee kwa bingwa kabla hajaanguka. Vyote nilikuwa navyo. Njiti za kiberiti zinauzwa dukani mbele ya kituo.

Mzee alianzishiwa levetirasetamu kwa dozi ndogo. Ni dawa ya bei, na kakao ilituokoa mwaka ule. Kuanguka hakukurudi. Kuzubaa kulipungua, mdomo ukapata mate, akaacha kuongea na wasioonekana. Kumbukumbu haikurudi. Nikawa nampa dawa kwa mkono wangu, na hakuna aliyenikataza. Desturi iliishia pale uani bila mtu kutangaza. Mara moja alinishika mkono akasema "ndaga", yaani asante, akidhani mimi ni dada yake.

Wakati huo ndipo kosa la pili lilipotokea, nalo nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza. Ndugu walikaa kikao kutafuta aliyemwangusha mzee. Kwetu wazee waliamini kwamba manung'uniko ya majirani waliodhulumiwa yanaweza kumwingia mtu na kumlaza, na imani hiyo bado iko kwa wengi, waumini wa kanisa wakiwemo. Jirani aliyenung'unika alijulikana: yule mjane wa mpaka. Nilikaa upande wa wanawake nikisikiliza jina lake likitajwa. Nilikuwa nimetoka Mbeya. Nilijua kilichomwangusha baba, niliona vidonge vikimwagwa mezani. Nilijua pia, kama kila Mtanzania anavyojua, habari za vikongwe wa Shinyanga na Mwanza waliokatwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo. Nikanyamaza. Niliogopa kusikia wifi zangu wakisema ni mke wetu aliyemwangusha baba.

Hakupigwa. Waliacha kumsalimia. Migomba yake ya mpakani ikakatwa usiku. Watoto wakaambiwa wasichote maji naye. Msimu haukuisha, mwanawe akaja na bodaboda akamchukua kwenda kukaa naye Ipinda, na nyumba yake ikafungwa.

Nilisema baada ya msiba wa mzee, mbele ya ukoo mzima. Ningelisema akiwa hai ingekuwa bora. Sikuwa na ujasiri. Niliwaeleza dawa, dozi, maneno ya bingwa. Shemeji mmoja alitoka nje na hajanisemesha mpaka leo. Wifi mkubwa aliuliza jambo moja tu: kama lile la kutafuna na kuzubaa, alilokuja kuniambia mwanzoni kabisa, ndilo lilikuwa jibu. Nikasema ndilo. Alilia kwa muda mrefu, na sikuwa na neno la kumpa.

Kazini nilivuta vitabu vya MTUHA, rejesta za wagonjwa wa kituo, nikaanza kutafuta wazee wote niliowaandikia kidonge kile kwa kukosa usingizi. Wapo waliokwisha kufa, na sitajua. Mmoja alihamia kwa watoto wake upande wa Malawi. Waliobaki nimekuwa nikiwafuata nyumbani, nikiketi na anayelala nao chumba kimoja, na swali la kwanza ni lile ambalo wifi alinijibu kabla sijamwuliza.

Kwa yule mama nilikwenda peke yangu. Alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono yake ikichambua mchele kwenye ungo. Niliomba msamaha. Nikamwambia ukoo umekubali mpaka urudi ulipokuwa na migomba ilipwe. Alisema shamba atampa mwanawe alime, ila yeye hatarudi kuishi kati ya watu waliomkataza mtoto kuchota maji naye. Juu ya msamaha hakusema kitu. Aliniuliza kama vidonge vile bado viko kituoni. Nikasema viko, vinawafaa wagonjwa wengine. Akaweka ungo chini, akasema dada yake aliyeko Ngonga naye siku hizi hakumbuki, na anamezeshwa kitu usiku, hajui ni nini. Alitaka nikakitazame, naye awepo nikikitazama. Akaingia ndani kuvaa viatu.